Waya wa Ardhi

Mara ya kwanza nilipanda kilima kumwambia: haiwaki.
Mtandao unapatikana juu tu, kando ya rundo la mawe
lililofungwa vitambaa vya buluu.
Huku chini, penye pikipiki,
simu ni kioo cha kujitazamia.

Dashnyam yuko mgodini, kilomita mia tatu, zamu ya usiku.
"Tazama betri," akasema, akipiga miayo.
Nikashuka. Nikaitazama betri,
vichwa vyake vimeota unga mweupe
kama chumvi kwenye midomo ya ngamia.
Nikavikwangua kwa kisu cha nyama.
Nikageuza ufunguo: taa ya kijani ikafumbua jicho,
ikalifumba.

Mara ya pili: "Taa inawaka kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
Nani amewahi kupima kidogo?
Nikamwambia, kama wewe unapoamshwa asubuhi.
Akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka.
"Basi plagi. Ifungue, iegemeze kwenye chuma,
piga kiki, uangalie cheche."

Nikashuka. Upepo wa Gobi umeanza kuinua mchanga
na mbuzi wamegeuka wote, makalio upande wa upepo.
Plagi nyeusi kama tako la birika.
Nikaisugua kwa msasa, nikapiga kiki
mara saba, mara nane, mara kumi na tano,
nimeinama kama mtu aliyedondosha shanga.
Giza.
Giza.
Kisha cheche moja, nyembamba, ya zambarau,
ikapita bila kusalimu.

Mara ya tatu magoti yalishaijua njia.
"Ipo, lakini haikai."
Akanyamaza. Nyuma yake malori ya shaba yakirudi kinyumenyume,
pii, pii, pii.
"Iache. Nitakuja Mwezi Mweupe, nitaiona mwenyewe.
Mambo ya waya si ya kugusagusa."

Mwezi Mweupe ni wiki tisa.
Ngamia watatu hawajulikani walipo, mmoja ana mimba.
Nikashuka.

Sikupanda tena.
Niling'oa kiti, boliti nne, moja ililiwa meno,
na chini yake nikamkuta mume wangu:
fyuzi iliyoungua zamani, kaivika karatasi ya fedha ya sigara;
waya mwekundu kaufunga kwa wa kijani, wa kijani kwa wa njano,
juu yake tepu, na juu ya tepu, tepu.
Miaka sita nimepanda nyuma ya mtu huyu
nikidhani tunakwenda kwa ufundi.
Kumbe mficha maradhi ndiye tabibu.

Nikaufuata waya mmoja mmoja kwa kidole,
polepole, kama anayesoma barua ya deni,
mpaka ule mweusi, mnene,
utokao kwenye betri kwenda kwenye fremu.
Waya wa ardhi.
Boliti yake imelegea, chini ya boliti rangi, chini ya rangi kutu,
na nyuzi za shaba zimebaki tatu.
Ardhi yote hii, hadi macho yanachoka,
na pikipiki haina inapoigusia.

Nikakata, nikamenya waya kwa meno
(ladha ya senti, ladha ya damu ya fizi),
nikakwangua fremu hadi chuma kikanionyesha uso wangu,
nikakaza. Nikakaza tena.
Sigara zake zilizobaki nikazitupa motoni,
karatasi ya fedha nikaihifadhi, sijui kwa nini.

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya pili ikakohoa.
Ya tatu ikawaka, mbuzi wakatawanyika,
na taa ya mbele ikaimulika hema ya sufi mchana kweupe
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

Nilipopita kileleni simu ikatetemeka kifuani,
mara moja, mara mbili, mara nne.
Sikusimama.
Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani,
na nyayo za ngamia zilishaanza kujaa mchanga.