Kishonanguo

Miaka arobaini na mmoja nimeshona
hapa Frostproof, Florida,
mji uliojiita Haugandi
na bado ukaganda, mara mbili nikiwa hai.
Nimepunguza suruali za mahakimu,
nimepanua magauni ya maharusi wenye siri,
wala sijaona fundi kama huyu
ashonaye bila uzi, bila kuombwa,
na hadai malipo.

Soksi za Lyman nilizikuta chini kabisa ya tenga
wiki ya tatu baada ya mazishi.
Za kijivu, kisigino kimechakaa,
na kishonanguo kimejaa hadi kifundoni:
mbegu nyeusi, nyembamba kama kope,
kila moja na meno yake mawili.

Nikavaa miwani. Nikakaa barazani.
Nikaanza kung'oa.

Tuligombania gugu hili kuliko tulivyogombania pesa.
Mimi: fyeka, watu wanapita, watasema nini?
Yeye: wacha.
Michungwa ilipougua, majani yakawa ya manjano,
matunda yakadondoka mabichi, machungu kama kwinini,
shamba baada ya shamba likalazwa na matingatinga,
nyuki wake walibaki na nini?
Na hili. Petali tano nyeupe, kitovu cha njano,
ua ambalo hata mtoto hamchumii mama yake.
"Verlene," angesema, mdomo umejaa mkate,
"asali unayopaka hapo ni maua ya nyua zisizofyekwa."

Kumi na saba. Kumi na nane.
Hizi za mguu wa kulia zina vumbi jeupe la reli ya zamani.
Hizi zimenata tope la mtaro nyuma ya kanisa.
Na hii moja imegandwa na rangi, rangi ya buluu,
ya uzio ambao dada yake alikuwa akiupaka Krismasi.
Iola. Hatusemezani mwaka wa sita sasa;
hata kaburini tulisimama pande mbili.
Kumbe alikuwa akienda.
Hakuniambia. Soksi imeniambia.

Nilikaa na mbegu ile kidoleni muda mrefu.
Haina mikono,
lakini kuachia haijui.

Saa nne akaja Wisler, kijana wa kufyeka,
mzaliwa wa Jacmel, kofia ya ukindu,
mashine yake ikikohoa.
Akautazama ua ulivyochanua,
weupe mpaka kwenye mizinga,
nyuki, vipepeo, na mdudu mmoja wa kijani
ambaye jina lake silijui
(Lyman angelijua).
"Mama, bibi yangu hunywa chai ya majani haya. Nifyeke yote?"
"Kata njia tu," nikamwambia. "Ya kupita mtu mmoja."
Mtu gani, hakuuliza.

Akakata, akalipwa, akaaga.
Alipogeuka nikaiona suruali yake kwa nyuma,
toka pindoni hadi magotini,
imeshonwa nyeusi tititi.
Na gari lake lilikuwa na mitaa minane ya kuingia kabla ya jioni,
kule kwenye nyasi zilizonyolewa
kama vichwa vya askari wapya.

Mdomo ukanifunguka.
Nikaufunga.

Soksi ya kushoto sikuimaliza.
Iko kwenye droo ya sindano, haijafuliwa.
Kesho ni Jumapili.
Kwa Iola ni maili mbili kwa njia ya mtaro,
nami nitavaa sketi ndefu,
ile ya sufu.