Swali la Saba

Ubao wa darasani, hapa Kilembe, hufutwa saa tisa,
chaki hunidondokea mabegani kama unga wa muhogo.
Ubao wangu wa pili haufutwi:
tovuti niliyoijenga kwa bando la usiku,
picha za hesabu, mwandiko uliopinda,
sauti yangu ikikohoa katikati ya milinganyo.

Nyamwamba ulipobeba daraja
wanafunzi tisini wakabaki ng'ambo.
Nikawahesabu waliofungua somo: kumi na mmoja.
Wiki ya pili, wanne.
Kisha mmoja tu, kila siku saa nane za usiku,
bando linapokuwa rahisi.

Nilidhani ni mkuu wa shule ananichunguza.

Jumanne ukaja ujumbe:
"Mwalimu, swali la saba umesahau alama ya kutoa.
Samahani. Ni mimi Kabugho, wa dawati la nyuma,
niliyeondoka na mimba. Mtoto amelala."

Miaka sita nimeliandika swali lile,
miaka sita vichwa vimeinama
vikinakili kosa langu, kimya.

Nimesahihisha. Pembeni nimeweka jina lake
kwa rangi nyekundu.

Usiku ule sikulala.
Saa nane na dakika tatu
akafungua.