Makopo Manne ya Maziwa

Kifurushi kilifika Yakutsk wiki ya ukungu mzito,
nje nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri,
na Tuyaara akakitoa posta kwa kukikumbatia
kama trei ya mayai.
Hakukifungua. Alikiweka juu ya kabati la viatu,
ndani ya nailoni yake, saa tano nzima,
kwani chuma kilicholala barafuni
kikiingizwa ghafla penye joto hutokwa jasho,
na jasho hilo huua.
Nyurgun, wa darasa la pili, aliuliza mara nne: Bado?
Bado.

Prosesa yenyewe, upana wa biskuti.
Viini kumi na sita mahali palipokuwa na vinne.
Ya zamani ilikula wati sitini na tano, ikashiba;
hii huanza na mia moja na sabini
kabla hata haijakunja mikono ya shati.

Feni akairudisha ileile.
Pesa ya kipoza joto kipya ilikwisha kuingia miguuni mwa Nyurgun,
buti za manyoya,
na hata ingekuwapo: alipima kwa rula ya mtoto,
kile kirefu cha dukani kingegonga bati la ubavuni.

Kazi yake ni ardhi iliyoganda.
Anaiuliza mashine: miaka thelathini ijayo
mita ngapi zitalegea chini ya shule,
chini ya ghala la makaa, chini ya kaburi la baba yake
(hilo hakulitia kwenye ripoti).
Dakika ya kwanza hesabu ilichanja mbuga.
Ya tatu: nyuzi tisini na nane,
na viini vyote kumi na sita vikaanza kujikokota,
haraka yote aliyoinunua ikageuka kelele ya feni.

Prokopi wa ofisini akacheka kwenye simu:
Dada, baridi iko nje, ya bure! Fungua dirisha!
Akafungua. Nyuzi zikaporomoka, sawa,
na maua ya dirishani yakafa yakiwa yamesimama.
Alipofunga, birika likachemka jikoni,
mvuke ukatembea hadi kwenye lile bati lililopoa
ukatua, tone, tone.
Akachomoa waya kwa mkono unaotetemeka.
Baridi ni kitu kimoja. Kupoza ni kingine.

Basi akapiga magoti na bisibisi.
Krimu ya miaka saba juu ya chuma
ilikuwa imekauka kama uji uliosahauliwa sufuriani;
akaikwangua, akaifuta kwa spiriti,
akaweka mpya, kiasi cha punje ya mbaazi.
Kwenye mapezi, manyoya ya paka aliyekwisha kufa.
Feni ya nyuma inasukuma nje. Ya mbele nayo,
mtu aliifunga kinyume, inasukuma nje;
hakuna iliyokuwa ikikaribisha hewa ndani.
Na pembeni yake, bomba la joto la jengo,
ambalo hakuna mpangaji mwenye ufunguo wake.

Halafu akaona tumbo la mashine limelala juu ya zulia.
Akakaa kitako. Akacheka peke yake.
Nyumba hii, ghorofa tano, imesimama kwa miguu ya zege
ili upepo upite chini yake,
joto la majiko lisiifikie ardhi;
yeye huwaeleza haya wanafunzi kila Septemba.

Akaleta makopo manne ya maziwa mazito, kila pembe moja.
Akaisogeza mbali na bomba.
Akaigeuza ile feni.
Akaipunguzia sahani hadi wati mia na ishirini:
mwendo ulishuka kidogo, joto likashuka sana,
akaona hiyo ni biashara.
Sabini na sita. Akalala.

Asubuhi palikuwa na mkate uliopakwa maziwa mezani,
na kopo moja halikuwapo.
Pembe ya kushoto ilikalia kitabu cha hesabu cha Nyurgun.
Mashine ilikuwa imefika mwaka wa ishirini na moja,
mita mbili na robo,
ingali inahesabu.