Chaki

Daktari Kihiyo kanichorea mji wa mimba
nyuma ya bahasha ya altrasaundi:
peari iliyopinduliwa, mikono miwili kando,
vivimbe saba, kimoja kama danzi.
"Bi Mwanshehe, njia za kuutoa ni tatu."

Mimi fundi wa nguo, Ngamiani, Barabara ya Tisa.
Haya, nikasema, nieleze kwa lugha ya mkasi.

Ya kwanza, tumbo lipasuliwe
chini ya mkanda wa sketi, shibiri nzima.
Mkono unaingia, jicho linaona kila pembe.
Lakini wiki sita huinui ndoo,
na cherehani utaisikia ikilia kwa mguu wa mwingine.

Ya pili, kwa chini, walikopita wanangu wawili.
Kama bitana linavyovutwa
kwenye upenyo ulioachwa bila kushonwa.
Kovu halionekani, nyumbani unarudi mapema.
Hiyo angeichagua yeye,
mji ungekuwa mdogo,
na Tunu asingetolewa kwa kisu.

Ya tatu, matundu manne, kama ya vifungo,
kamera ikitangulia na taa yake.
Unapona upesi. Kazi yenyewe ndefu,
na mirija ya mkojo iko jirani, mkasi usiteleze.
"Kwa hiyo nitakuandikia barua ya Dar."
Nikahesabu nauli, pa kulala, mtu wa kunisindikiza,
na sare arobaini za shule, Januari mlangoni.

Wifi yangu kauliza, ukitolewa mji
utabaki mwanamke?
Miaka mitatu nalala juu ya nailoni.
Miaka mitatu nashona nimeketi juu ya khanga iliyokunjwa mara nne,
sisimamai mpaka mteja aondoke.
Damu imeshuka hadi saba.
Nikamjibu: koti likitolewa bitana
haligeuki shuka.

Kwa daktari sikuuliza kama itauma.
Niliuliza uzi.
"Unaoyeyuka," kasema.
Miaka ishirini na mitano kazini,
sijapata kushona kwa uzi unaoyeyuka.

Usiku, mlango nimeufunga kwa komeo,
nimesimama mbele ya kioo cha wateja
na chaki ya bluu mkononi.
Nimepitisha mstari juu ya ule wa Tunu, palepale,
nisiongezewe kovu la pili.
Umepinda kidogo, kushoto.
Nikaufuta kwa kidole chenye mate,
nikachora tena.