Mwaka wa Nne, Glasgow

Barua hufika saa nne na robo.
Letebrhan amekijua kikohozi cha tarishi,
anavyokiruka kidato cha tatu, kile kilichomeguka.
Leo: bei za piza. Bili ya jirani aliyehama.

Kesi yako inashughulikiwa, husema simu,
kisha muziki,
uleule,
hata mwanawe huuimba akiosha vyombo.

Walipofika mtoto alivaa viatu namba ishirini na sita.
Sasa thelathini na tatu,
na humsahihisha mama matamshi
mbele ya daktari.

Subira, tunasema, huvuta heri.
Yeye amevuta hadi viganja vimechubuka.

Dirishani, kwenye ndoo ya rangi, kapanda figili.
Siku ishirini na tano, pakiti imeahidi.
Anahesabu.