Kibao cha Mlimani

Kibao kilianza na herufi nyeusi, mwaka wa 1904:
NYUMBA YA SERIKALI YA WATOTO WAPUNGUFU WA AKILI.
Kikapakwa nyeupe, kikawa SHULE.
Kikapakwa kijani, kikawa HOSPITALI.
Kikapakwa samawati, kikawa KITUO.
Waliokipaka ni wavulana wa karakana,
wasiofundishwa kusoma walichokuwa wakikiandika;
walifuata mistari ya penseli ya msimamizi
kama kuku afuatavyo punje.

Sisi wa mjini hatukuhangaika na kibao.
Tulisema "Mlimani", basi,
ingawa nchi ile ya ngano haina mlima,
ni mwinuko tu, treni haikupunguza hata mwendo.
Mtoto akimwaga maziwa: "Utapelekwa Mlimani!"
Mimi nimeambiwa hivyo na shangazi Borghild
huku kaka yangu Arvid yuko huko tayari.

Alipelekwa Oktoba, viazi vimekwisha kuchimbwa,
ana miaka sita na kofia ya sufu.
Kiatu kimoja alifungwa na mama,
cha pili alikifunga mwenyewe garini,
fundo juu ya fundo, somo la kiangazi kizima.
Daktari wa wilaya alikuwa amemuuliza gavana ni nani.
Arvid akamwonyesha ndama dirishani.
Fomu ikaandikwa: *Hafundishiki.*
Baba akatia sahihi kwa kalamu ya daktari,
akaisahau mfukoni mwake,
hakuirudisha,
wala hakuiandikia neno jingine mpaka kufa.

Nyumba ilijengwa kwa watoto mia mbili.
Kufikia 1951 walikuwa elfu moja na tisini,
vitanda vimegusana ubavu kwa ubavu,
mtu akipanda chake kwa kupitia upande wa miguu.
Shati halikuwa la mtu; lilikuwa la asubuhi hiyo.
Madaftari yamehifadhiwa, nimeyasoma:
magunia ya viazi yamehesabiwa, na nguruwe, na sabuni.
Mwaka wa surua pameandikwa *wamepungua kumi na saba*,
mstari mmoja, chini ya siagi.

Kisha zikaja kamera, ikaja kesi,
wakaja wabunge na leso puani
wakiuliza nani aliruhusu haya,
na bajeti zao zimo kwenye kabati nyuma yao.

Faili la Arvid: miaka thelathini na saba, kurasa kumi na moja.
Ya mwisho inasema: *Hakuna mabadiliko.*
Husemwa wino wa Mungu haufutiki;
wa daktari je?

Lakini Bi Lavonne Tschida, mhudumu wa zamani wa wodi C,
alinishika mkono pale kwenye ngazi za mahakama.
"Wewe ndiye dada yake? Bila yeye tusingemaliza asubuhi.
Jozi arobaini na mbili. Alizifunga zote kabla ya uji,
na wadogo akawalisha."
Nikauliza alilipwa nini.
Akatazama viatu vyake.
Nikauliza nani alimfundisha.
"Hakuna. Alikuja nalo, lile fundo."

Siku hizi ni maghala ya kukodisha.
Kibao ni cha rangi ya chungwa, kina namba ya simu.
Julai, jua likikipiga sawasawa,
rangi hupasuka, na herufi za chini huchungulia,
W, kisha nusu ya A.
Nilimpeleka mara moja tu, akiwa na miaka sabini na minane.
Sikujua nilitaka afanye nini. Alie, labda.
Hakukitazama.
Alitazama miguu yangu,
akashuka kwenye kokoto, goti moja, kisha la pili, polepole,
na dereva wa teksi akipiga honi.
"Umefunga vibaya," akasema.
Akamaliza cha kushoto. Akaniomba nisogeze cha kulia.