Anayeruka Doa

Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
ndipo ninapolishwa na makosa ya wengine.
Nasoma prufu: kalenda za vyama vya akiba, katiba za makanisa,
tanzia za watu nisiowajua.
Mwaka wa kumi na tisa huu.

Bi Nyanchama akichapa, kalamu yangu nyekundu hulala.
Lakini mpe daftari kuukuu lenye doa la chai,
atakoma papo hapo, vidole hewani,
kazi imekwama, mteja anapiga simu.
Ndipo tunamwita Kirimi.

Kirimi hasomi, anakisia.
Hupachika neno juu ya doa, akasogeza mstari kidogo,
kisha humrudishia mwenyewe kiti chake.
Yupo marehemu mmoja
aliyezaliwa, kwa mkono wa Kirimi, miaka miwili baada ya mamake kuzikwa.
Lakini kijitabu kilitoka Ijumaa, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Daktari Chelagat alinichorea nyuma ya risiti ya dawa.
Ndani ya seli, alisema, mna wanakili wa namna hiyo.
Yule makini hufika penye jeraha, akasimama.
Akisimama mno, uzi hukatika na seli hufa.
Basi huitwa wengine, polimerasi zisizo na macho makali:
mmoja huweka herufi, mwenziwe huuvuta mstari mbele.
Jua la saa saba likikuchoma shingo pale Muthurwa,
likabana herufi mbili zikawa pacha wasioachana,
ni hao wanaokuokoa.
Na kwa doa hilo la jua, ajabu,
mkisiaji hukisia sawa.

Na dada yangu?

Akaigeuza risiti, akakosa nafasi, akachora kiganjani mwake.
Platini tunayomtilia Mkawasi mshipani
nayo ni doa. Tunalimwaga makusudi.
Huzitia pingu herufi mbili jirani
ili uvimbe, unaponakili kwa pupa, ukwame.
Ulikwama Machi.
Ulikwama Mei.
Kufikia Agosti uvimbe ulikuwa umemwajiri Kirimi zamu zote,
na kila anapokosea
huenda kosa likawa mlango mpya wa kutorokea.

Wapo wanaotafuta dawa ya kumfungia nje.
Ingali maabara.
Mkawasi alicheka aliposikia: "Kumbe ninauawa na bidii."

Nilitaka kumchukia kijana wa watu.
Leo asubuhi kaniletea chai, tangawizi nyingi kama nipendavyo,
akauliza hali ya dada, hakungoja nimjibu uongo.
Halafu akanyoosha ukurasa wenye doa,
katikati ya orodha ya waumini waanzilishi:
"Hapa niweke nani?"

Acha wazi, nikamwambia.
Leo acha wazi.

Akanitazama
kama mtu aliyeambiwa asipumue.